Rangi ya choo



Katika mkutano wetu uliopita, dada mmoja mwenye mimba ya miezi 4 alisimama akasema kwa sauti ndogo: "Vile vidonge vya damu vimenishinda." Tulicheka. Hatukucheka kwa ubaya, tulicheka kwa sababu karibu kila mmoja wetu anavijua. Kisha mkutano ukaendelea na hesabu ya likelemba, na yule dada akakaa chini bila kupata jibu. Nilirudi nyumbani na aibu, maana jibu lake nilikuwa nalo na sikulitoa. Ndiyo sababu nimeomba nafasi katika barua yetu ya juma hili.

Nitawaambia mambo yaliyonipata katika mimba yangu ya nne. Mtoto mwenyewe anakimbia leo, ana miaka 3.

Wengi mnanijua: ninauza sambaza soko la Kadutu. Kazi yangu inaanza kabla ya jua. Wavuvi wanatega usiku kwa taa, wanarudi alfajiri, na mama anayechelewa ziwani anakuta zimebaki zilizopondeka. Kwa hiyo saa kumi na moja niko macho, ninachemsha chai ya majani, ninakunywa kikombe kimoja, ninateremka. Chakula ninakila saa nne au saa tano, kama wateja wakiniruhusu.

Nilipoanza CPN mimba ilikuwa na miezi 4. Walinitoa damu kidoleni, wakapeleka labo, wakaandika kwenye fishi yangu 9,8. Mama mkunga alinieleza kwamba mwenye mimba akiwa chini ya 11 amepungukiwa damu. Alinipa vidonge 30 vya chuma vilivyochanganywa na asidi foliki, akasema: kimoja kila siku, usikose. Foleni ilikuwa ndefu mpaka nje, mvua ilitaka kunyesha. Sikuuliza kitu, naye hakuwa na nafasi ya kusema zaidi.

Kesho yake nikameza kidonge changu na chai yangu ya alfajiri, tumbo tupu, nikateremka ziwani. Nilipofika penye mitumbwi, harufu ya samaki ilinipiga kifuani. Nikatapika nyuma ya jiwe. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nikatapika sokoni, mbele ya mteja aliyekuwa amekwisha kutoa franka zake mfukoni. Alizirudisha akaenda kwa mwenzangu.

Mdomoni nilikuwa na ladha kama ya mtu aliyenyonya msumari kutwa nzima. Hata bugali ilikuwa na ladha ya msumari. Halafu tumbo likafunga. Siku nne bila kwenda choo, na siku ya tano nilipokwenda nililia. Na kilichotoka kilikuwa cheusi kama makala. Nilifikiri kuna kitu kimeoza ndani yangu, labda mtoto mwenyewe. Sikumwambia mtu. Nani anayezungumza habari ya choo chake?

Jirani niliyemgusia kidogo alinimalizia. Alisema vile vidonge vinamnenepesha mtoto mpaka anashindwa kupita. Mwingine akasema vinajaza damu nyingi, na siku ya kuzaa yote inamwagika. Mama mkwe, naye ananipenda, alininunulia betarave akachemsha, akanipa maji yake mekundu: "Kunywa hii, mwanangu, unaona rangi yake? Hii ndiyo damu." Nikanywa. Ilikuwa tamu, haikunitapisha. Nikajiambia: nimepata dawa.

Vidonge nikavitia katika kopo tupu la maziwa, nikaliweka juu ya kabati.

Sasa sikilizeni ubaya wangu. Kila nilipokwenda CPN, mama mkunga aliniuliza: "Vidonge unameza?" Nami nilijibu: "Ndiyo, mama." Ananipa vingine 30. Ninashukuru, ninarudi, ninafungua kopo. Nilikuwa ninaogopa kufokewa mbele ya wamama wengine, na nilikuwa ninaogopa kuonekana mama asiyempenda mtoto wake. Basi nikachagua uongo, na uongo ule ulikuwa mwepesi kuliko kidonge.

Mwezi wa saba wa mimba, mlima wa Kadutu ulianza kunishinda. Njia ile niliyoipanda tangu utoto, na beseni kichwani, sasa nilisimama mara tano, mara sita. Moyo ulikuwa unapiga masikioni. Nikasema ni uzito wa mimba. Viganja vilikuwa vyeupe, nikasema ni maji ya samaki. Nilikuwa pia ninatamani udongo. Nilinunua ule wa sokoni, ninatafuna nikiwa nimekaa kwenye biashara yangu, nikasema ni hamu ya mtoto. Kwa kila dalili nilikuwa na maelezo.

Mpaka siku ile miguu ilipolegea katikati ya mlima. Sikuanguka vibaya, nilikaa tu chini, beseni likateleza na sambaza zikamwagika njiani. Watu wawili wakanishika, wakaita motari, wakanipeleka kituo cha afya. Labo ikaandika 7,8.

Mama mkunga alikuwa yuleyule. Alitazama fishi yangu, akatazama ndani ya jicho langu akivuta kope la chini, akatazama viganja. Akauliza: "Vidonge unameza?"

"Ndiyo, mama."

Hakubishana. Akasogeza kiti karibu, akapunguza sauti ili wa nje wasisikie, akasema: "Choo chako kina rangi gani?"

Nilishangaa. Nikajibu kweli: "Rangi ya kawaida, mama."

"Basi haumezi," akasema. "Anayemeza chuma choo chake kinageuka cheusi. Sehemu ya chuma inaingia katika damu, sehemu inayobaki inatoka na kukipaka rangi. Si uozo, si ugonjwa. Ni alama kwamba dawa imepita hapo."

Nilitazama chini. Kile nilichodhani ni kuoza kwa mtoto wangu kumbe kilikuwa alama ya dawa. Nikalia, na nikiwa katika machozi nikamweleza yote: kopo, matapishi, ladha ya msumari, siku nne bila choo, betarave, mtoto mnene. Nilingoja kufokewa. Yeye akasema jambo moja ambalo mpaka leo ninalishika: "Mama, kama ungeniambia mwezi wa tano kwamba kinakutapisha, ningekusaidia. Uliponiambia unameza, ulinifunga mikono."

Akaniuliza sasa: unameza saa ngapi? Na nini? Umekula nini kabla? Nikamweleza habari ya chai ya alfajiri. Akatikisa kichwa. Kumbe nilikuwa nimefanya makosa mawili kwa wakati mmoja. Tumbo tupu ndilo linalozidisha kichefuchefu. Na chai ya majani inakamata chuma tumboni kisiingie katika damu. Kahawa nayo ni hivyohivyo, na maziwa pia yanapunguza. Nilikuwa nimepata mateso yote ya dawa, na faida yake niliimwaga na kikombe changu mwenyewe.

Haya ndiyo aliyonipangia. Ninayaandika kama nilivyoyafuata.

Kwanza, alihamisha kidonge kutoka alfajiri kwenda usiku. Nikisha kula chakula cha jioni, kabla ya kulala, ninameza na maji. Kama kichefuchefu kitakuja, kinikute nimelala. Ni kweli kwamba chuma kinaingia vizuri zaidi tumbo likiwa tupu. Lakini aliniambia: kidonge kinachobaki tumboni pamoja na chakula ni bora kuliko kidonge kilichotapikwa, na ni bora mara mia kuliko kilicho ndani ya kopo.

Pili, nikimeze pamoja na chungwa, au pera, au maji yaliyokamuliwa ndimu. Uchachu wa matunda hayo unafungulia chuma mlango. Chai yangu sikukatazwa, ila iwe mbali na kidonge na mbali na chakula, saa mbili hivi. Na ile dawa ya kiungulia ambayo wengi wetu tunanunua bila kuuliza, nayo isikutane na kidonge.

Tatu, kwa sababu damu yangu ilikuwa chini sana, nilihitaji vidonge viwili kwa siku. Lakini hakunitupia viwili mara moja. Alinianzisha na kimoja juma zima, mwili uzoee, kisha akaongeza cha pili baada ya chakula cha mchana. Hiyo ilikuwa hesabu yangu mimi, kwa damu yangu mimi. Dada, usijipimie kwa fishi ya jirani. Na ukisahau siku moja, usimeze viwili kesho yake kulipa deni. Endelea tu.

Nne, habari ya choo kigumu. Maji mengi, si vikombe viwili kwa siku kama nilivyozoea pale sokoni nikiogopa kuacha biashara kwenda chooni. Papai kila lilipopatikana. Lengalenga, maharagi. Na kutembea kidogo jioni badala ya kukaa. Kama haya yote yangeshindwa, alisema, nirudi, kuna dawa nyingine ya kulainisha choo isiyomdhuru mtoto. Nisinunue ovyo barabarani.

Tano, udongo niuache. Mara nyingi hamu ile inamjia mama kwa sababu damu imepungua, halafu udongo wenyewe unakamata chuma na kufunga tumbo zaidi, na unaweza kuleta minyoo. Ni mduara. Alinipa pia dawa ya minyoo, kwa kuwa miezi mitatu ya kwanza ilikuwa imepita, akaniuliza kama ninalala ndani ya neti, maana malaria nayo inakula damu. Chuma hakiwezi kujaza ndoo iliyotoboka.

Kisha akauliza swali lililoniuma kuliko lile la choo: "Unauza sambaza. Unazila?"

Nikanyamaza. Wamama, ninyi mnajua. Sambaza ninazouza, nilikuwa ninapeleka nyumbani kidogo, ninampakulia baba wa watoto, ninawapakulia watoto, na mimi ninamaliza bugali na sombe iliyobaki chunguni. Hakuna aliyeniamuru. Nilimwona mama yangu akifanya hivyo. Mama mkunga akanieleza kwamba chuma cha majani kama sombe kinaingia mwilini kwa shida, lakini kikikutana na samaki au nyama katika sahani moja, kinaingia vizuri zaidi. Betarave haina ubaya, akasema, ila rangi nyekundu si damu. Kwa mama aliyefika 7,8, chakula ni msaada wa kidonge, hakichukui nafasi yake.

Jioni ile nilimwambia baba wa watoto kila kitu. Nilishusha kopo juu ya kabati nikamwonyesha. Alihesabu vidonge, akanyamaza kwa muda mrefu. Mwishowe akasema: "Na mtoto akilipata kopo hili?" Mwili ulinisisimka, kwa sababu mtoto wangu wa tatu alikuwa amekwisha kulipata. Juma moja mbele nilimkuta akilitikisa kama kayamba, nikamnyang'anya nikicheka. Mfuniko ulikuwa haujafunguka, Mungu asifiwe. Wamama, vidonge hivi vina rangi ya bonboni, na mtoto mdogo akimeza vichache anaweza kufa. Siku hiyohiyo tuliviondoa pale. Vile vya zamani nilivirudisha kituoni, na vipya tukavifungia ndani ya sanduku lenye kufuli. Ukisikia mtoto amemeza, usingoje uone, kimbia naye hospitali.

Tangu siku ile yeye ndiye alikuwa ananikumbusha. Usiku, akirudi, alikuwa analeta chungwa moja mfukoni. Siku pasipokuwa na pesa ya chungwa, alileta ndimu. Na sahani yangu ya sambaza alianza kuitafuta kwa macho kabla ya yeye mwenyewe kula.

Sitawadanganya kwamba mateso yaliisha. Ladha ya msumari ilibaki mpaka mwisho, ingawa ya usiku ni nafuu kuliko ya asubuhi. Katika majuma mawili ya kwanza nilitapika mara mbili tena. Choo kilibaki cheusi, lakini sasa nilikuwa ninakitazama na kushukuru. Tumbo lilifunga siku moja moja, papai likalifungua. Kazi niliweza kuifanya bila kukimbilia nyuma ya jiwe.

Mama mkunga hakuningoja mwezi mzima. Aliniita baada ya majuma mawili, kisha tena. Alipopima mwezi uliofuata, labo iliandika 9,1. Karibu na kuzaa, 10,4. Haikufika 11, lakini mlima wa Kadutu nilikuwa ninaupanda na kusimama mara moja tu.

Nilizaa usiku, mvulana, wa uzito wa kawaida kabisa. Hakuwa mnene wa kushindwa kupita. Baada ya kondo kutoka, damu ilitoka zaidi ya ilivyotakiwa. Nilisikia wakiitana, nikaona sindano, nikahisi mikono ikibonyeza tumbo langu kwa nguvu. Ikakoma. Asubuhi mama mkunga alikaa kando ya kitanda akasema: "Ungekuja kwangu na 7,8, usiku huu tungekuwa tunatafuta mtu wa kukutolea damu." Sikumjibu. Nilikuwa ninawaza wale watatu waliolala nyumbani. Kila mwanamke anatoka damu akizaa. Aliye na akiba anasimama, asiye na akiba hata kidogo kinachotoka kinaweza kumchukua. Vidonge vile ni akiba. Sisi wa likelemba tunapaswa kulielewa hilo kuliko watu wote: unaweka kidogokidogo, kwa uchungu, kwa ajili ya siku moja.

Niliendelea kumeza majuma 6 baada ya kuzaa, kama nilivyoambiwa.

Sasa mambo machache ambayo hayafai kuvumiliwa nyumbani. Ukitapika kila kitu hata maji hayakai, nenda kituoni. Moyo ukikupiga na pumzi ikikosekana hata ukiwa umekaa, nenda. Ukizimia, nenda siku hiyohiyo. Na juu ya choo: cheusi cha kidonge hakina shida, lakini kikiwa kama lami, kinanata, kinanuka vibaya sana na tumbo linauma, au kikiwa na damu nyekundu, hiyo si kazi ya kidonge peke yake. Nenda wakakutazame. Na kama kidonge ulichopewa kinakushinda kabisa hata baada ya kubadili saa na chakula, kuna aina nyingine za chuma, na kuna ya kutia mshipani kwa wenye shida kubwa. Mwenye kuamua ni yeye anayekupima, lakini hawezi kuamua juu ya jambo ambalo hukumwambia.

Kwa wale tunaokwenda CPN kila mara na kujibu "ndiyo, mama": tuseme "hapana" pale ambapo ni hapana. Kama unaona aibu mbele ya foleni, omba kusema naye kando. Mimi aibu yangu ilinigharimu sambaza za beseni zima, na ilibaki kidogo inigharimu zaidi.

Na kwa yule dada wa mimba ya miezi 4: samahani kwa kicheko chetu. Jumapili hii baada ya mkutano usikimbilie nyumbani. Nitakuletea sambaza kavu na machungwa mawili. Tutakaa pembeni, uniambie unameza saa ngapi na nini, na Jumatano nitakusindikiza CPN ili ukayaseme yote kwa mama mkunga.

Mama mmoja wa kikundi chetu, Kadutu, Bukavu